Shangazi Anastaafu, Shimo Bado Liko Wazi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika kampuni yetu ya uchimbaji, mkadiriaji wetu mkuu wa bei, ambaye sote tunamwita Shangazi, anastaafu rasmi Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu. Sherehe ya kumuaga itafanyika saa nane mchana kwenye karakana, upande wa stoo, kwa kuwa ndiko kuliko na kivuli. Wafanyakazi wote mnakaribishwa pamoja na wake, waume na watoto. Mgeni wa heshima mwenyewe amesema haji.

Amesema mara mbili, kwangu na kwa bosi, na wanaomjua wanajua kwamba hasemi jambo mara mbili kwa kujifurahisha. Mimi ni mtunza stoo. Nimekaa naye ofisi moja, meza yake dirishani, yangu mlangoni, na katikati yetu feni inayozunguka inapojisikia. Bosi amenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kwa maneno yake, najua kuandika na siku hizi sina kazi nyingi. Hilo la pili ni kweli, maana stoo imebaki na ufagio na makopo ya grisi. Akaniagiza niandike kwa uchangamfu. Jamani, nimejaribu. Nitaeleza aliyoyafanya, na nitaeleza kwa nini hataki kuja, kwa sababu kila mtu karakanani anajua nusu ya habari, na ile nusu nyingine anaijaza mwenyewe.

Shangazi aliingia kampuni akiwa mpiga taipu. Wakati huo kampuni ilikuwa ya marehemu baba yake bosi, mzee mwenye katapila moja na roho ya kucheza kamari. Ukadiriaji wake ulikuwa wa buti. Anafika kiwanjani, anapiga udongo teke, anautazama ulivyoruka, anataja bei. Udongo ukiwa laini kama buti lilivyosema, watu wanalipwa na wengine wanaoa. Katapila likigonga mwamba, mwezi huo mshahara ni pole. Mteja analipa bei ile ile aliyotajiwa, na hasara yote inabaki kwetu, kuanzia dizeli hadi meno ya ndoo ya katapila, ambayo kwenye mwamba yanaisha kama sabuni.

Alipokosa mshahara mara ya tatu kwa sababu ya jiwe ambalo hata hakuwahi kuliona, Shangazi alifanya jambo ambalo mpiga taipu hafanyi. Aliongeza mstari chini ya karatasi ya bei bila kumuuliza mtu. Mstari wenyewe ulisema hivi: "Bei hii ni ya udongo tuliouona. Tukikuta mwamba, maji au kitu kilichofukiwa na binadamu, tutasimama, tutaitana, tutatazama pamoja, ndipo tutalipana kwa bei za hapa chini." Na hapo chini aliandika bei ya mita moja ya mwamba laini, ya mwamba mgumu, na ya pampu kwa siku. Mzee aliugundua mstari huo siku mteja alipomjia juu. Alifoka mpaka fundi wa injini akazima injini ili asikie vizuri. Alimwita binti yule mbele ya watu na kumwambia afungashe virago. Kisha mteja yule yule, bado amenuna, akalipia mwamba wote. Kesho yake Shangazi akapewa meza ya ukadiriaji.

Tangu hapo, kwa miaka mingi, hakuna karatasi ya bei iliyotoka kwetu bila mstari wa Shangazi. Wateja walimpachika jina la Mama Tutaona, maana ukimuuliza kama bei yake ina mwamba ndani, anakwambia mwamba tutaona. Na maji? Nayo tutaona. Wengine walidhani anawakwepa, kumbe alikuwa muwazi kuliko wote waliowahi kuwapa bei. Aliamini kwamba ugomvi wa pesa unapaswa kumalizwa mapema, shimo likiwa bado halijachimbwa na watu wakiwa bado wanachekeana, kwa sababu jiwe likishaonekana kila mtu anakuwa na jiwe lake kichwani.

Wala hakuwa mtu wa kukaa ofisini na kungoja bahati. Kabla ya kuweka bei alikwenda kiwanjani kwa miguu na kuzunguka mitaa ya jirani. Alitazama uzio wa watu. Akiona nguzo zimesimamishwa juu ya mabonge ya saruji badala ya kuchimbiwa, aliguna. Aliwauliza majirani choo chao kimekwenda chini kiasi gani, na kwa nini hawakuendelea kuchimba. Watu hupenda kueleza taabu ya choo chao, hasa wakimpata wa kuwasikiliza, na Shangazi alikuwa na subira. Alipapasa nyufa za kuta. Baada ya hapo alichimba mashimo machache membamba, ambayo sisi tunayaita mashimo ya kuonjea, ili aone chini kuna nini.

Sehemu ya kuonjea hakuichagua kwa jicho, akisema jicho hupenda mahali rahisi. Alikuwa na kanuni: kutoka kila kona ya kiwanja unapima robo ya urefu na robo ya upana, unachimba, kisha unamalizia na shimo la katikati. Kama hapo pana jiwe, unachimba jiwe. Kama hapo pana mti wa mtu, unamwomba mtu. Waendesha katapila walikuwa wanamlaani chinichini, kwa sababu hatua chache pembeni kungekuwa laini. Hakusogea hata hatua moja katika miaka yote hiyo, na naomba msomaji alishike hilo.

Kuna mara moja alikwama. Kiwanja kilikuwa nje ya mji, hakuna nyumba, hakuna choo, hakuna uzio, na katapila letu lilikuwa bovu. Akaona msafara wa mazishi unaelekea makaburi ya jirani. Shangazi akajifunga kitambaa kichwani na kujiunga nao. Alisimama karibu kabisa na kaburi, akaona rangi ya udongo uliotolewa, akaona unyevu unavyochuruzika pembeni, na kwa kuwa ana moyo mwepesi, akalia kikwelikweli. Wifi wa marehemu akadhani ni ndugu wa upande wa mama. Alishikwa mkono, akaketishwa na wafiwa, akapewa zamu ya kuosha vyombo, na aliosha mpaka jioni kwa sababu aliona aibu kuondoka. Bei ya pampu tuliyoweka kwenye kazi ile ilikuwa sahihi kabisa. Ile familia hadi leo humpigia simu kumjulia hali, na amewahi kualikwa kwenye arusi zao mbili.

Tukikuta kitu, utaratibu ulikuwa mmoja. Katapila linazimwa hapo hapo. Hakuna kugusa, hakuna kusogeza. Mteja anaitwa, naye akifika anakuta viti viwili vya plastiki ukingoni mwa shimo, mbali na mahali pa kuporomoka. Shangazi anakaa kimoja, mteja anakaa kingine, na wanatazama chini. Shangazi haongei. Alikuwa anasema kwamba mteja aliyesimama anabisha, ila aliyeketi akitazama jiwe kwa muda wa kutosha huanza kuliona. Niliwabebea viti hivyo mwenyewe mara nyingi, na nakubali kwamba wateja wengi waliinuka wakiwa wapole.

Kazi iliyotuchekesha kuliko zote ni ile ya mteja mmoja aliyetaka tangi la maji nyuma ya nyumba yake. Tulikuta gari dogo zima, lenye matairi na viti vyake, limefukiwa. Mteja alikaa kwenye kiti cha plastiki akalitazama muda mrefu. Lilikuwa gari la shemeji yake, ambalo shemeji alishatangaza limeibiwa, akalipwa fidia ya bima, na aliyekuwa anatunza nyumba ile wakati huo alikuwa shemeji huyo huyo. Mteja alilipia kuondolewa kwa gari bila kuuliza bei, akatuomba tulifunike turubai kabla mkewe hajarudi sokoni. Waliopeleleza zaidi wanasema shemeji hakukanyaga kwa mteja mwaka mzima.

Basi hapo ndipo uchangamfu wangu unapoishia. Mnisamehe.

Miaka ya karibuni kazi zilianza kutukimbia. Yalitokea makampuni mengine yanayokuja na bei moja tu, hakuna nyongeza, liwe jiwe, liwe ziwa. Yanaomba Mungu na kuanza kuchimba. Mengine yanakuta mwamba, yanaacha shimo na kutoroka na simu zimezimwa, lakini wiki inayofuata linakuja lingine na bei ile ile. Wateja nao wana mabenki nyuma yao, na benki haitaki kusikia mambo ya tutaona, inataka tarakimu moja. Karatasi za Shangazi zikawa zinarudi. Wateja wanasifu, wanasema mama unajua kazi, kisha wanampa mwingine. Alikosa kazi moja, ya pili, ya tatu, mpaka tukaacha kuuliza majibu yanatoka lini.

Tukaingia kwenye nusu mshahara. Waendesha katapila wakawa wanakuja asubuhi, wanakaa juu ya matairi mabovu, wanacheza drafti hadi jioni, na mchezo wenyewe hawaufurahii. Fundi wa injini alifungua na kufunga injini ile ile mpaka nikamnyang'anya spana. Nyumbani kwa watu kulikuwa na maneno ambayo siyaandiki hapa. Shangazi aliyaona yote kupitia dirisha lake. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na alinieleza wazi kwamba hawezi kuondoka na kutuacha tumekaa juu ya matairi. Alitaka kazi moja kubwa, ya kutufikisha mwakani. Hilo tu.

Ikaja kazi ya jengo la ghorofa lenye maegesho ya magari chini ya ardhi, tabaka mbili. Kiwanja kilikuwa kitupu, kimesawazishwa vizuri, kina ukuta mpya na lango jipya. Shangazi alizunguka jirani lakini jirani kote kumejengwa ghorofa, vyoo vyao vinakwenda kwenye bomba la mji, na walinzi getini hawajui kitu. Akapima robo yake kutoka kila kona, akaonja. Katapila lilizama kote kwenye udongo safi, mkavu, hadi mkono wake ulipoishia, mita nne kwenda chini. Mwendesha katapila alitoka kwenye kiti chake anacheka. Alisema ni kama kuchota unga.

Mteja alitaka bei moja isiyobadilika. Mchana mmoja Shangazi aliniletea karatasi ya bei nimsomee makosa ya herufi, kama kawaida yetu. Nilisoma mpaka mwisho, nikamwambia mstari umesahaulika. Akasema haujasahaulika. Aliichukua karatasi, akaipiga muhuri, na akatoka kuipeleka mwenyewe, jua kali, bila mwavuli. Tulishinda kazi ile. Siku habari zilipofika, karakana ililipuka kwa vigelegele, drafti ikatupwa kule, na watu wazima wakabebana mabegani. Mshahara ukarudi mzima.

Mimi nilijua mapema kuliko wote, kwa sababu meno ya ndoo yapo kwangu. Wiki ya kwanza mwendesha katapila alikuja kuchukua meno mapya, nikamwandikia. Akarudi kesho yake. Akarudi tena mchana wa siku ile ile, na hakunitazama. Nilifunga stoo na kwenda kuona kwa macho yangu. Chini ya udongo wa juu kulikuwa na mwamba wa kijivu, mgumu, umelala kiwanja kizima kutoka ukuta hadi ukuta. Palipokuwa laini ni mahali patano tu, na mahali hapo patano ni pale tulipoonja.

Hakuna aliyeelewa. Wengine walisema ni uchawi, na sikuwacheka, maana nami nilikuwa sina maelezo. Tuliendelea kuvunja kidogo kidogo kwa nyundo ya mashine ya kukodi, mpaka siku tulipofika chini ya mita nne, pale katikati. Ndani ya udongo laini lilitokea kopo la rangi, limegeuzwa chini juu, limeoza pembeni. Shangazi alikuwa amesimama ukingoni. Alipoliona alikaa chini juu ya kifusi, na nguo yake safi. Alisema kopo lile aliliweka yeye.

Zamani, alipokuwa bado mgeni kwenye ukadiriaji, alikuwa na desturi ya kuweka kopo chini ya kila shimo la kuonjea, ili tukishinda kazi tujue alifika wapi. Na kiwanja kile alishawahi kukionja. Kilikuwa uwanja wa kuuzia mbao, lango lake upande mwingine, barabara yake ina jina jingine, na mwenye mbao alitaka ghala la chini ya ardhi. Shangazi alipima robo yake kutoka kila kona. Vibarua walivunja mwamba siku nyingi kwa nyundo na mitalimbo, hadi mita tano. Bei aliyotoa, ya mwamba mtupu, ilimfanya mwenye mbao aghairi. Na kwa kuwa Shangazi hakuwa mtu wa kuacha mashimo ya watu wazi, alileta udongo safi kwa lori, akayajaza, akayashindilia vizuri ili magari ya mbao yasizame. Majengo yakaja yakabomolewa, ukuta ukajengwa upya juu ya mpaka ule ule, na faili za miaka hiyo zililiwa na mchwa tukiwa bado kwenye ofisi ya zamani. Aliporudi na kanuni yake ile ile, alichimba mashimo yake mwenyewe. Mtu mwingine yeyote, mvivu anayeonja popote palipo rahisi, angegonga jiwe.

Alikwenda kwa mteja. Mteja si mtu mbaya, na sitamsingizia. Alimpokea kwa heshima, alimwita mama, alikuja mpaka ukingoni na akakubali kukaa kwenye kiti cha plastiki. Alitazama mwamba akasikitika kabisa. Kisha akasema mkataba una bei moja, benki imeshaipitisha, naye hana mahali pa kutoa nyongeza. Shangazi hakubisha. Angebisha kwa lipi, na mstari aliufuta mwenyewe?

Mengine mnayajua. Katapila la pili limeuzwa ili tununue nyundo ya mwamba na dizeli. Bosi alitukusanya na kusema bila kuzunguka kwamba shimo hili tutalimaliza kwa sababu tumeahidi, na likiisha kampuni inafungwa. Unga umemwagika, na kila mtu alikwenda nyumbani kutafuta namna ya kulisema hilo mlangoni. Mimi nililisema nikiwa bado sijavua viatu, mke wangu akazima jiko, akaketi. Sina la kuwapa faraja hapa. Kila usiku ninalitafuta na sijalipata.

Tangu siku ya kopo, Shangazi hamtazami mtu usoni. Anaingia ofisini kabla yetu na kutoka kwa mlango wa nyuma. Akikutana na mwendesha katapila, anatazama buti zake. Aliniambia, akiwa amenigeuzia mgongo, kwamba hawezi kwenda kupigiwa makofi na watu ambao amewatolea watoto shuleni. Kisha akaendelea kupanga droo yake.

Basi bosi ameniruhusu niandike jambo moja ambalo ni yeye na Shangazi tu walikuwa wanalijua. Wakati wa kuweka bei ile, kulikuwa na njia mbili za kumshika mteja. Ya kwanza ni kuufuta mstari. Ya pili, aliyoipendekeza bosi, ni kuuacha mstari na kushusha bei hadi mteja ashindwe kuikataa, kwa kutoa gharama ya mbao na vyuma vya kuzuia kingo za shimo. Ni gharama kubwa, wenzetu wengi hawaiweki, na mteja hajui kuuliza. Shangazi alimwambia bosi kwamba mbao haziguswi, afadhali ufutwe mstari, kwa sababu mstari unalinda pesa.

Mwezi uliopita, baada ya mvua ya siku mbili, ukingo wa upande wa lango ulishuka wote kwa mshindo mmoja. Chini yake walikuwa mwendesha nyundo, fundi wa injini na fundi wetu wa kuchomelea vyuma. Mbao zilipinda, zikalia, zikashika. Walitoka kwa ngazi mmoja mmoja, wamejaa tope mpaka kwenye meno, na fundi wa kuchomelea akaanza kutukana kabla hajafika juu, ndipo tukajua ni mzima. Tulimficha Shangazi habari hii kwa kuogopa kumwongezea mzigo. Nadhani tulikosea, na ndiyo maana naiandika.

Kwa hiyo, Shangazi, haya ya mwisho nakwambia wewe. Ulituambia umetumaliza. Kazi imekwisha, ndiyo, na tunaumia, na hakuna anayejua atakula nini mwakani. Watu wamekasirika pia, wamekasirikia mwamba, benki, mvua, hata feni. Aliyekukasirikia wewe ni mmoja tu, fundi wa kuchomelea, na yeye amekasirika tangu azaliwe. Hata hivyo ndiye aliyejitolea kutengeneza meza ya sherehe, na ameipaka rangi mara mbili.

Ahsante kwa miaka yako yote. Ahsante kwa mishahara tuliyopata kwa sababu yako, ambayo ni mingi kuliko hii tutakayoikosa. Tunakuombea mapumziko ya raha, miguu isiyouma, na majirani wasio na habari za vyoo. Ijumaa usipokuja, tutakuja sisi. Uchochoro wenu tunaujua. Tutavua buti mlangoni na tutajaa sebuleni kwako mpaka ukose pa kupita, na wale watatu watakaa mbele. Hatutaki hotuba. Tunataka uinue macho utuhesabu, uone kwamba tupo wote.